Safu Zilizohama: Safari ya Msamiati wa Kiswahili kutoka Daftari hadi Kanzidata



Nilipoulizwa nitazungumzia nini, nilijibu kwamba nitazungumzia kazi ambayo wengi wetu huwaachia wasaidizi, yaani kazi ya kuhamisha rekodi za maneno kutoka chombo kimoja cha kuhifadhia hadi kingine. Aliyeniuliza alinyamaza kidogo. Nadhani alitarajia ushairi.

Nianze na kisa. Miaka kama ishirini iliyopita mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliniletea rasimu ya sura moja ya tasnifu yake, iliyohusu maneno ya Kiajemi katika msamiati wa uvuvi na ubaharia. Orodha yake ilikuwa ndefu kuliko nilivyozoea. Ilikuwa na nanga, nahodha na bandari, maneno ambayo asili yake ya Kiajemi inafahamika vyema. Lakini baada ya hayo zilifuata dema, uzio na maneno mengine mengi ya mitego na ya pwani ya mawe ambayo sijawahi kumsikia mtu akidai kuwa yametoka Uajemi. Nilimuuliza ameyapata wapi. Akajibu kwamba ameyatoa katika kanzidata ya taasisi moja, ambayo sitaitaja kwa kuwa nilikuwa mmoja wa waliopaswa kuikagua. Katika safu ya asili ya neno, kompyuta ilikuwa imeandika waziwazi: Kiajemi.

Ilituchukua wiki mbili kupata chanzo. Maneno yale yalikusanywa Pemba kwenye kadi za karatasi, na mkusanyaji alikuwa ameandika katika kona ya kila kadi «Pe.», kifupisho chake mwenyewe cha Pemba. Kadi zilipoingizwa kwenye kompyuta, fundi alitengeneza jedwali la kuoanisha vifupisho na maana zake. Kwa kuwa kamusi nyingine iliyoingizwa pamoja na kadi hizo ilitumia «Pers.» kwa Kiajemi, vifupisho viwili vilipewa thamani moja. Hivyo mahali pa kusemwa neno pakageuka kuwa mahali pa kuzaliwa kwake. Wavuvi wa Pemba wakavishwa kilemba cha Shirazi.

Kosa hili si dogo. Suala la asili ya Kiswahili limebishaniwa kwa muda mrefu, na kwa miaka mingi walikuwapo walioyaona makazi ya pwani kuwa matunda ya wahamiaji kutoka ng'ambo. Kazi ya Derek Nurse na Thomas Spear ya mwaka 1985, na ile ya Nurse na Thomas Hinnebusch ya mwaka 1993, ziliweka wazi kwa ushahidi wa sauti na maumbo kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu ya kundi la Sabaki, ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana na Kikomori. Ushahidi wa namna hiyo hujengwa neno kwa neno. Ikiwa safu moja imehama katika rekodi mia kadhaa, mtafiti wa kesho atahesabu kwa uaminifu mkubwa na kufikia hitimisho la uongo.

Katika lugha ya kompyuta, sehemu moja ya rekodi iliyotengwa kwa taarifa ya aina moja huitwa uga. Nakiri kwamba mwanzoni istilahi hii haikunipendeza, kwa sababu kwangu uga ni mahali wazi mbele ya nyumba, watoto wanapocheza. Sasa naiona inafaa: uga una mipaka, na aliye nje ya mipaka yake yumo katika uga wa jirani. Kuoanisha nyuga, basi, ni kuamua kwamba kilichomo katika uga fulani wa chombo cha zamani kitaingia katika uga fulani wa chombo kipya. Edgar Codd alipochapisha makala yake mashuhuri ya mwaka 1970 juu ya kupanga data katika majedwali, jambo hili lilipata nadharia. Lakini tendo lenyewe ni la zamani zaidi, na katika Kiswahili lina historia ya zaidi ya karne moja.

Tumwangalie Johann Ludwig Krapf. Alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake kubwa ilichapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kwa macho ya leo, kamusi hiyo haina nyuga. Katika ingizo moja utakuta neno, wingi wake, maana, maelezo ya desturi, chakula au mti, na pengine kisa kizima. Msomaji hufurahi, mashine hulia. Mwaka 1925 Canon H. K. Binns alitoa toleo lililosahihishwa na kupangwa upya. Neno hilo «kupangwa upya» ndilo linalotuhusu. Mtu alikaa mezani akaamua kipi ni maana, kipi ni mfano, kipi ni maelezo ya ziada yanayoweza kuachwa. Hiyo ni kuoanisha nyuga kwa kalamu na wino.

Tendo lililofuata lilikuwa na uzito zaidi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaundwa mwaka 1930. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotoka mwaka 1939, kazi iliyoongozwa na Frederick Johnson, ambaye hakuishi kuiona ikichapishwa, ilitangaza katika jina lake kwamba imejengwa juu ya kamusi ya A. C. Madan ya mwaka 1903. Kwa hiyo nayo ilikuwa kazi ya uhamishaji. Krapf alikuwa amekusanya zaidi maneno ya Mombasa; kwake ndia na ndaa hazikuhitaji utetezi. Usanifishaji ulipokuja, njia na njaa zikawa kidahizo, na umbo la Kimvita likawa tanbihi, pale lilipobahatika kuwekewa tanbihi. Silaumu uamuzi wa kusanifisha. Ninachosema ni kwamba uga wa lahaja, ambao Charles Sacleux aliutunza kwa bidii katika kamusi yake ya Kifaransa ya mwaka 1939 na 1941, ulipungua thamani katika mkondo mkuu wa kamusi zetu, na anayetaka kuurudisha leo hana budi kurudi katika vitabu vya kabla ya hapo.

Kuna hasara nyingine ambayo wanafunzi wa fonolojia wataielewa upesi. Katika lahaja za kaskazini paa wa mwituni hutamkwa kwa mpumuo, p'aa, ilhali paa la nyumba halina mpumuo. Vivyo hivyo k'aa wa pwani na kaa la moto. Tofauti hii ina sababu ya kihistoria: majina ya ngeli ya I-/ZI- yalikuwa na nazali mwanzoni, na nazali hiyo ilipotoweka mbele ya p, t, k na ch iliacha mpumuo. W. E. Taylor, aliyekuwa Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, aliuandika mpumuo huo kwa alama, Sacleux pia. Othografia sanifu haikuuchukua. Sasa fikirini kwamba tunaingiza data za Sacleux katika kanzidata ambayo uga wa kidahizo unafuata tahajia sanifu. Programu itaondoa alama zisizofahamika, na maneno mawili yatakuwa moja. Ikiwa, juu ya hayo, aliyeunda jedwali amekifanya kidahizo kuwa ufunguo wa rekodi, yaani kitambulisho kisichoruhusiwa kurudiwa, basi rekodi ya pili itakataliwa au, vibaya zaidi, itaifuta ya kwanza bila kelele. Paa la nyumba litamfunika paa wa mwituni, na paa la kitenzi, kupaa juu, litafunika yote mawili, na kisha kupaa samaki kutakuja kumaliza kazi.

Dawa ya tatizo hili ni rahisi, na nashangaa jinsi inavyosahauliwa. Ufunguo uwe namba isiyo na maana yoyote ya kiisimu. Neno libaki neno. Aidha, uwepo uga unaotunza umbo kama lilivyoandikwa katika chanzo, herufi kwa herufi, na uga mwingine wa umbo la tahajia sanifu. Mashine za siku hizi hazina uhaba wa nafasi wa kutulazimisha kuchagua.

Nikiwa bado katika alama, niseme neno juu ya ng'. Alama ile ndogo imetutesa kuliko herufi zote. Katika lugha nyingi za kuamrisha kanzidata, alama hiyohiyo hufunga maandishi, hivyo ng'ombe akiingizwa bila tahadhari hukatwa shingo: inabaki ng, na kilichobaki kinachukuliwa kuwa amri isiyoeleweka. Zaidi ya hapo, programu za kuandikia hubadili alama iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa mashine ni herufi mbili tofauti. Nimewahi kuona orodha ambamo ng'ambo ilikuwa mahali pawili, mbali na jamaa zake. Na msaidizi aliyeamua kuziondoa alama zote ili kupata amani aligeuza ng'oa kuwa ngoa. La kwanza ni kutoa mti na mizizi yake. La pili ni wivu na tamaa.

Jambo ninalolitilia mkazo zaidi usiku huu, hata hivyo, ni ngeli. Kamusi ya Johnson, inapotaja jina, huonyesha kiambishi cha wingi. Kwa kiboko huonyesha vi-. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981, iliweka mkazo mpya kwa kuonyesha upatanisho wa kisarufi pia. Kwa mnyama kiboko upatanisho ni a-/wa-. Kwa kiboko cha kuchapia ni ki-/vi-. Haya ni mambo mawili: umbo la jina lenyewe, na kile ambacho jina hilo linakidai kutoka kwa maneno mengine katika sentensi. Wasomi walibishana kwa miongo kadhaa kuhusu kipi kiitwe ngeli. Fundi wa kompyuta hakuwapo katika mabishano hayo. Yeye anaona katika chanzo kimoja safu yenye ki-, vi-, m-, wa-, na katika chanzo cha pili safu yenye ki-, vi-, a-, wa-, anaona zinafanana, anazimimina katika uga mmoja unaoitwa ngeli. Matokeo yake ni mashine inayosema kiboko kimezaa, kipofu kimeketi, na samaki imekufa. Kwa mtoto anayejifunza lugha kwa programu ya namna hiyo, hilo ndilo litakuwa sikio lake.

Tena kuna majina yasiyokubali hata nyuga mbili. Rafiki hupatana kwa a-/wa- katika kitenzi, lakini husema rafiki yangu na rafiki zangu. Wingi wake ni rafiki kwa baadhi ya wasemaji na marafiki kwa wengine. Ndugu vivyo hivyo. Uga wa umilikishi unahitajika peke yake. Wataalamu wa uchanganuzi wa Kiswahili kwa kompyuta, wakiongozwa na Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki tangu miaka ya 1980, walilazimika kulieleza jambo hili kwa ukamilifu kwa sababu mashine haina aibu ya kukosea. Kwa hakika baadhi ya sarufi bora za Kiswahili za wakati wetu zimo ndani ya programu, na wanafunzi wetu hawazisomi.

Vifupisho navyo. Johnson alitumia «Prep.» kwa kauli ya kutendea, yaani pikia chini ya pika. Katika orodha ya aina za maneno, kifupisho hichohicho humaanisha kihusishi. Mtu asiyejua mapokeo ya kamusi hiyo ataingiza pikia, somea na andikia kuwa vihusishi, na hatakuwa amefanya uzembe wowote. Aliulizwa swali la isimu akiwa na ujuzi wa ufundi. Ndiyo maana siku zote nasema kwamba jedwali la kuoanisha ni kazi ya mwanaleksikografia. Aandikishe, atie sahihi, na fundi alitekeleze.

Kuhusu nyuga tupu nina malalamiko ya muda mrefu. Maji hayana umoja. Uga wa umoja katika rekodi ya maji ni mtupu. Rekodi ya neno la Kitumbatu ambalo mkusanyaji hakupata kuuliza umoja wake nayo ni tupu. Utupu wa kwanza ni taarifa. Wa pili ni ukosefu wa taarifa. Zikishaingizwa pamoja, hakuna awezaye kuzitenganisha. Inapasa kabla ya kuhamisha kuwe na alama mbili, moja ya «hakuna» na nyingine ya «haijaulizwa», hata kama itabidi mtu apitie kadi moja moja jioni baada ya chai.

Miswada ya hati za Kiarabu ina matatizo yake. Mswada wa Utendi wa Tambuka unaojulikana kuwa wa zamani zaidi umetajwa kuwa wa mwaka 1141. Huo ni mwaka wa Hijria, unaoanza Agosti 1728. Ukiingia katika uga wa mwaka wa Miladia bila kugeuzwa, utakuwa umeurudisha ushairi wa Kiswahili nyuma kwa karibu miaka mia sita. Na ukigeuzwa bila mwezi, jibu linaweza kuwa 1728 au 1729. Chanzo kibaki katika uga wake na tafsiri katika wa pili. Hali ni hiyohiyo kwa saa: kanda iliyorekodiwa saa 2 usiku si ya saa 2 ya mashine.

Wakutubi walikutana na mambo haya kabla yetu. Henriette Avram na wenzake katika Maktaba ya Bunge la Marekani walibuni katika miaka ya 1960 muundo wa rekodi unaosomeka kwa mashine, wenye nyuga za namba tatu, na muundo huo umeenea duniani. Ila ulizaliwa katika utamaduni wa jina la ukoo. Muyaka bin Haji hana jina la ukoo. Haji ni baba yake. Shaaban Robert utamkuta katika bibliografia moja chini ya R na katika nyingine chini ya S. Hata lugha ina uga wake, na hapo pia kuna mtego: viwango vya kimataifa vina msimbo swa kwa Kiswahili chote, swh kwa Kiswahili cha pwani na sanifu, na swc kwa Kiswahili cha Kongo. Atakayegeuza kila swa kuwa swh kwa mkupuo atakuwa amewahamisha wasemaji wa Lubumbashi hadi Unguja.

Mtaniuliza, je, tufanyeje? Nitasema niliyoyaona yakifaa, bila kudai kuwa ni yote. Kwanza, kuhesabu. Rekodi zilizotoka na zilizoingia ziwe sawa, na kila uga uhesabiwe peke yake: kama kadi zenye mfano wa matumizi zilikuwa elfu tatu na jedwali jipya lina mifano mia tisa, usiendelee kula. Pili, kutojaribu kwa rekodi za mwanzo. Mafundi hupenda kujaribu kwa rekodi kumi za kwanza, nazo ni za herufi A, ambazo ni nyepesi. Jaribu kwa zile ngumu: paa, kaa, kiboko, ng'oa, maji, rafiki, na kitenzi piga, ambacho kwa wingi wa misemo yake huvuka kikomo cha urefu cha uga wowote uliowekwa kwa haraka na kukatwa mkia bila taarifa. Ongeza fasili yenye koma ndani yake. Mathalani, ukieleza jahazi kuwa ni chombo chenye tanga, mlingoti na usukani, na faili lako linatenganisha safu kwa koma, mlingoti utahamia katika safu ya wingi na kila kilichofuata kitasogea hatua moja. Tatu, rekodi ziingie kwanza katika jedwali la kungojea, zikaguliwe na mtu ajuaye lugha, ndipo ziunganishwe na zile zilizokwisha kuwepo. Tulipounganisha kadi za Pemba na kamusi ile nyingine kwa siku moja, tulijinyima nafasi ya kuona tofauti ya vifupisho vyao.

Kinga kubwa kuliko zote ni kutotupa kadi. Baada ya kugundua kosa letu tulifungua makasha. Nyingi zilikuwa salama, na «Pe.» ikisomeka katika kona kwa wino wa buluu. Tulifuta thamani ya Kiajemi katika rekodi zote zilizotokana na kadi hizo, tukaandika Pemba katika uga wa lahaja, na katika uga wa asili tukaweka alama ya «haijachunguzwa». Kadi chache zililiwa na mchwa kona ileile tuliyoihitaji. Kwa hizo tumeandika kwamba alama haisomeki, na mahali pa lahaja pamebaki hivyo hadi leo.

Mwanafunzi aliandika sura yake upya. Ilipungua kurasa kumi na moja. Nanga, nahodha na bandari zilibaki. Dema na uzio zikahamia katika sura ya lahaja, ambayo ndiyo iliyomletea sifa kwa watahini.